Uliza Papa Fundi: Manowari huanza na maji, mizinga baadaye

Toleo lililopita tulichapisha habari kwamba Australia, mnamo Agosti 2025, ilichagua frigati (manowari ya ukubwa wa kati) ya Kijapani aina ya Mogami iliyoboreshwa, na kwamba inakusudia kuwa nazo 11. Barua zimemiminika. Baadhi yenu mnauliza gazeti la Lubumbashi, mji usio na bahari, linatafuta nini kwenye manowari. Mimi nimezeekea katika chumba cha ramani cha karakana ya meli huko Kalemie kabla ya kuhamia huku kwa watoto. Nchi yetu ina Tanganyika, ina Kivu, ina Mweru, ina sehemu kubwa ya Mto Kongo, na ina pwani ya kilomita 37 hivi pale Muanda. Hayo ni maji ya kulindwa, na siku moja mtu wa kwetu ataketi mezani kuchagua meli za kuyalinda. Heri awe anajua anachokichagua. Barua nimezifupisha.

Papa Fundi, jambo sana. Mimi na wenzangu tunabishana. Mimi nasema nchi ikiwa na pesa inunue meli yenye makombora mengi kuliko zote, basi. Mwenzangu anasema rada ndiyo ya maana. Nani amesema kweli?
*Mwanafunzi wa shule ya ufundi, Kampemba*

Kijana wangu, jambo sana. Nyote wawili mmeanzia juu ya sitaha. Sisi wa chumba cha ramani huanza na karatasi tupu na maswali: meli hii itakaa maji gani, siku ngapi bila kurudi gatini, itamsindikiza nani, itamkabili nani, na nani atalipia mafuta na matengenezo yake kwa miaka 30. Majibu hayo ndiyo yanayoleta urefu, upana na kina cha meli. Silaha zinaingia katika kilichobaki.

Kila kitu ndani ya meli kinagombea uzito, nafasi na umeme. Kombora linalorushwa wima hukaa ndani ya kisima kinachoshuka chini ya sitaha kadhaa. Ukiongeza visima, umekula vyumba vya mabaharia au matangi ya mafuta. Rada ukiipandisha juu zaidi inaona mbali, lakini tani unayoipandisha mlingotini inaitaka meli iwe pana ili isilale. Ukiipanua inakuwa nzito, inataka injini kubwa zaidi, injini inataka mafuta, mafuta yanataka matangi, na matangi yanairefusha meli. Ukimaliza hesabu unairudia tangu mwanzo kwa tarakimu mpya, tena na tena, mpaka itulie.

Halafu makombora yakiisha je? Visima hivyo ni vigumu mno kujazwa baharini, kwa hiyo kwa kawaida meli inarudi bandarini. Oktoba 2024 Wamarekani walijaribu kuhamishia kasha tupu la kombora kwenye manowari yao USS Chosin katikati ya bahari, na hilo peke yake likawa habari kubwa. Basi kabla hujahesabu makombora, hesabu umbali wa bandari.

Nikupe mfano unaoniuma kila ninapousoma. Waingereza walijenga manowari sita za Type 45, ya kwanza, HMS Daring, ikaingia kazini 2009. Rada nzuri sana, visima 48 vya makombora ya kuangusha ndege. Lakini mitambo yake ya gesi ilikuwa na kipoza hewa kilichoshindwa kazi katika maji ya moto ya Ghuba ya Uajemi. Mtambo ukipoteza nguvu, mzigo wote wa umeme unaangukia jenereta mbili za dizeli ambazo hazikuwa na ukubwa wa kuubeba, nazo zinazimika. Hapo taa zinazimika, rada inazimika, pangaboi linaloisukuma meli linasimama, na meli ya mamilioni ya pauni inaelea tu. Dawa imekuwa kuufungua mwili wa meli na kuingiza jenereta tatu kubwa mahali pa zile mbili, kazi ya miaka kwa kila meli. Kosa lilikuwa la joto la maji, kitu ambacho mvuvi yeyote wa Ghuba angewaambia.

Wamarekani nao, kwenye meli zao za pwani ziitwazo LCS, walitaka mwendo wa zaidi ya kilomita 74 kwa saa. Walipoupata, mwendo ukala uzito na mafuta yaliyokuwa yabebe vitu vingine, na gia ya kuunganisha mtambo wa gesi na dizeli kwenye aina ya Freedom ikawa inaharibika. USS Sioux City iliingia kazini Novemba 2018, ikastaafishwa Agosti 2023. Haikufikisha hata miaka mitano, wakati meli ya chuma ikitunzwa inafika 30 bila taabu.

Katika ubishi wenu, mwenzako wa rada yuko karibu zaidi na ukweli. Lakini nendeni wote wawili mkaulize umeme wa rada hiyo unatoka wapi.

Papa, marehemu babu yangu alikuwa mtu wa reli. Alikuwa akitusimulia kwamba zamani manowari mbili zilipita hapa mjini juu ya treni. Nikiwaambia wanafunzi wangu wanacheka. Ni kweli au ni hadithi?
*Mwalimu wa historia, Kamalondo*

Mwalimu, ni kweli tupu, na wanafunzi wako waache kucheka waandike. Zilifika mjini, enzi hizo ukiitwa Élisabethville, mwishoni mwa Julai 1915. Majina yao yalikuwa Mimi na Toutou. Kwangu mimi hakuna somo bora zaidi la namna ya kuchagua meli ya vita, na limepita hatua chache tu kutoka mahali unapofundishia.

Hali ilikuwa hivi, katika Vita Vikuu vya Kwanza. Wajerumani walilishika Ziwa Tanganyika kwa meli ndogo mbili za mvuke, Kingani na Hedwig von Wissmann, na huko Kigoma walikuwa wameunda ya tatu, Graf von Götzen, yenye urefu wa mita 70 hivi. Hiyo Götzen ilijengwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam na kupelekwa Kigoma kwa reli, ambako iliunganishwa upya na kushushwa majini 1915. Upande wetu Wabelgiji walikuwa na meli kubwa, Baron Dhanis, iliyokuwa bado vipande, na hawakuthubutu kuiunda mbele ya mizinga ya Wajerumani.

Mwindaji mmoja aliyelijua ziwa, John Lee, alipeleka wazo London: leteni boti ndogo zenye mwendo. Wakachukua boti mbili za mbao za mahogani zilizojengwa na kampuni ya Thornycroft, ambazo Wagiriki walikuwa wameziagiza kwa kuhudumia ndege za majini. Urefu mita 12, upana chini ya mita mbili na nusu, injini mbili za petroli za farasi 100 kila moja. Mbele wakafunga mzinga mdogo, nyuma bunduki ya Maxim. Kamanda alikuwa Geoffrey Spicer-Simson.

Sasa tazama vipimo hivyo. Boti ya upana ule inakaa juu ya behewa la treni. Ya urefu ule inaweza kukata kona porini juu ya gari la magurudumu. Zilitoka Cape Town kwa treni mpaka hapa, zikaendelea hadi Fungurume, reli ilikokuwa ikiishia. Kutoka hapo, Agosti na Septemba, zilivutwa kupanda na kushuka milima ya Mitumba kwa matraktari mawili ya mvuke, kwa ng'ombe, na kwa mikono ya watu wa vijiji waliokata miti na kujenga madaraja. Matraktari yale yalikunywa maji mengi mno katika nchi kavu, na wanawake ndio walioyabeba maji hayo kichwani. Majina yao hayakuandikwa popote, na ningependa watoto wa shule zetu wajue kwamba vita ile ya ziwani ilipiganwa kwanza na akina mama hao. Kisha treni tena kutoka Sankisia mpaka Bukama, Mto Lualaba mpaka Kabalo, reli mpaka Lukuga, ndiyo Kalemie ya leo.

Desemba 26, 1915, Kingani ilitoka ikipeleleza, zikaifuata kwa nyuma. Hapo angalia kwa makini kosa la ramani: mzinga wa Kingani ulikuwa mbele na haukuweza kupiga nyuma. Ili ipige ilibidi igeuze mwili wote, na boti zile zilikuwa na kasi zaidi, zikakataa kukaa mbele ya omo yake, yaani ncha yake ya mbele. Mapigano yalimalizika katika dakika 11 hivi. Kingani ilikamatwa, ikapewa jina Fifi, ikafungwa mzinga mkubwa zaidi, na Februari 9, 1916 ndiyo iliyoizamisha Hedwig von Wissmann.

Lakini Mwalimu, usiwaambie wanafunzi kwamba kidogo hushinda kikubwa siku zote. Götzen ilipoonekana ikiwa na mzinga wa milimita 105 ulioopolewa kutoka manowari Königsberg iliyozamia Rufiji, Spicer-Simson hakutoka kuikabili, na nadhani alifanya la busara. Boti ya mbao ya mita 12 haina cha kuiambia meli ile. Mwisho wa Götzen haukuletwa na meli yoyote: ndege za majini za Wabelgiji ziliipiga Kigoma kwa mabomu, majeshi yakasogea kwa nchi kavu, na Julai 26, 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe, wakiwa wamekwisha kupaka mitambo yake grisi nzito. Waingereza waliiopoa 1924, na tangu 1927 ikatembea ziwani kwa jina la Liemba. Mitambo iliyotunzwa vile ilikuwa bado mizima.

Mtu aliyechagua Mimi na Toutou aliuliza njia kwanza, akauliza adui anapigaje, ndipo akauliza mzinga gani. Leo wizara nyingi zinauliza kinyumenyume.

Jambo Papa. Ninasafiri na bidhaa kati ya Bukavu na Goma kwa maji. Tunataka boti za doria zinazoweza kuokoa watu pia. Kwa Kivu chombo gani kinafaa?
*Mfanyabiashara, Bukavu*

Ndugu yangu, Kivu ina tabia zake. Iko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na injini ya dizeli isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi) inaweza kupoteza karibu sehemu moja ya saba ya nguvu zake. Boti iliyopimwa bandarini Mombasa ikapewa cheti cha mwendo, huko kwenu haitafikia mwendo huo. Maji ya ziwa nayo ni mepesi kuliko ya bahari kwa asilimia mbili na nusu hivi, kwa hiyo chombo kitazama zaidi kidogo kwa mzigo uleule. Mkataba uandike mwendo upimwe Bukavu, tangi likiwa limejaa na watu wakiwa ndani.

Pili, hakuna njia ya majini kufika huko. Ruzizi inaporomoka karibu mita 690 hadi Tanganyika, ikipita maporomoko na mabwawa ya umeme. Kila chombo kitaletwa kwa barabara, ama kizima kikiwa kidogo, ama kwa vipande vya kuunganishwa ufukweni. Mimi ningechagua boti ya mita 12 hadi 15, tumbo lisilo na kina kirefu, injini mbili zisizotegemeana, ubavu wa chini upande mmoja wa kuvutia watu kutoka majini, na taa kali. Bunduki moja inatosha.

Tatu ndilo lililonifanya nikupe nafasi ndefu. Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ilipinduka ikiwa imejaza watu kupita kiasi, karibu na Kituku, Goma, watu wakitazama kutoka ufukweni. Ninaposikia mtu anataka kuongeza ghorofa au mzinga mzito juu ya boti ya doria, nawaza hiyo.

Kuna jaribio ambalo kila chombo lazima kifanyiwe, na halihitaji mashine ya gharama. Siku isiyo na upepo, mapema asubuhi ziwa likiwa kimya, unalegeza kamba za gatini. Ndani ya ngama, tumboni mwa chombo, unaning'iniza uzi mrefu wenye timazi, na timazi unaizamisha ndani ya ndoo ya mafuta mazito ili isiyumbe ovyo. Nyuma ya uzi unaweka ubao wenye karatasi ya mistari. Kisha unachukua vipande vya chuma vilivyopimwa uzito, unavihamisha kutoka ubavu mmoja hadi mwingine, kimoja kimoja, na kila mara unatia alama ya penseli pale uzi uliposimama. Hakuna ruhusa mtu kutembea juu. Kalemie tulifanya hivyo kila tishari lilipobadilishwa kitu sitahani, na ilikuwa kimya kiasi cha kusikia penseli. Uzi ukisogea kidogo, chombo ni imara. Ukisogea sana, uzito uko juu mno, na hapo fundi mwaminifu anakataa kutia sahihi, hata mwenye chombo akigomba.

Wasweden walikuwa na onyo kama hilo mwaka 1628. Manowari Vasa, yenye mizinga 64 katika sitaha mbili, ilipimwa kwa watu 30 kukimbia kutoka ubavu hadi ubavu, ikayumba hata wakaamriwa waache. Mfalme alikuwa anaitaka meli yake, hakuna aliyesema. Agosti 10 ilitweka tanga, ikaenda mita 1,300 hivi, upepo ukailaza, maji yakaingia kwenye matundu ya mizinga ya chini. Ukipewa boti mpya, mwombe muuzaji akuonyeshe karatasi za jaribio hilo. Akisitasita, acha.

Papa Fundi, mimi ni mchomeleaji. Shaba yetu inaingia kwenye manowari, au ni chuma tu?
*Likasi*

Inaingia, na bila yake meli haiendi. Pangaboi la manowari kwa kawaida humiminwa kwa shaba iliyochanganywa na alumini, nikeli na chuma. Shaba peke yake ni kama asilimia 80. Mabomba ya maji ya bahari mara nyingi ni shaba na nikeli, tisa kwa moja. Nyaya zinazozungushwa mwilini ili kuificha meli isihisiwe na mabomu ya sumaku ni shaba. Hata meli za mbao: mwaka 1761 Waingereza waliivika HMS Alarm mabati ya shaba chini ili minyoo na magugu visiishike, wakagundua baadaye kwamba misumari ya chuma iliyogusana na shaba ilikuwa imeliwa. Wewe mchomeleaji unaijua tabia hiyo, metali mbili ndani ya maji ya chumvi. Na kobalti iko ndani ya aloi za mitambo ya gesi inayohimili moto mkali. Mimi naumia kwamba tunapeleka shaba kutoka Likasi na hatumimini hata pangaboi la boti ya Kalemie. Tanuri tunazo, mafundi tunao.

Nilijenga nyumba, nikabadilisha ramani mara kadhaa mafundi wakiwa kazini, gharama zikapanda mara mbili. Na nchi zinazonunua meli zinafanyaje? Ni heri kuchora yako au kununua iliyo tayari?
*Baba wa familia, Kolwezi*

Baba, nyumba yako ndiyo hadithi ya frigati za Constellation za Marekani. Aprili 2020 waliamua kwa busara kabisa wasichore upya, wachukue frigati ya FREMM ambayo Waitaliano walikuwa wakiitumia. Makusudio yalikuwa asilimia 85 ya ramani ibaki ileile. Kisha kila idara ikaleta lake: kanuni zetu za kuhimili mapigo, mitambo yetu, mfumo wetu wa mapambano. Meli ikarefushwa, ikaongezeka uzito kwa zaidi ya asilimia 10, na sehemu iliyobaki sawa na ya Kiitaliano ikashuka chini ya asilimia 15. Mabati yalianza kukatwa Agosti 2022 ramani ikiwa haijakamilika. Iliyopaswa kukabidhiwa 2026 ikasogezwa hadi 2029, na Novemba 2025 wakatangaza kwamba wataacha, isipokuwa mbili za kwanza.

Waingereza kwa frigati zao za Type 31 walifanya tofauti. Walichukua mwili wa frigati ya Denmark, Iver Huitfeldt, wakaagiza tano kutoka kampuni ya Babcock mwaka 2019, wakakubali meli ianze na silaha chache huku nafasi na uzito wa kuongeza vikiachwa. Hilo la kuacha nafasi Wadenmark waliliweka kwenye meli zao tangu miaka ya 1980: silaha inakaa juu ya sanduku la kipimo kimoja, unalitoa kwa kreni na kuweka jingine.

Hata hivyo sanduku kuingia mahali pake si sawa na kufanya kazi. Machi 2024 Iver Huitfeldt yenyewe, ikiwa Bahari ya Shamu na droni zikija, rada na mfumo wa makombora vilikataa kuelewana kwa kama nusu saa. Kwa hiyo jibu langu: nunua mwili uliokwisha kuonja bahari, amua yako kabla ya sahihi, funga mlango. Unayotamani baadaye yaandikwe kwa ajili ya meli ya sita au ya saba. Na lipia majaribio ya kuunganisha vifaa kana kwamba ndiyo silaha yenyewe, maana ndivyo ilivyo.

Papa, tunaona droni za majini zinazamisha manowari. Kuna haja gani tena ya meli kubwa?
*Mwanafunzi wa chuo, Goma*

Swali zito, na sipendi majibu yanayokimbia. Ukraine, karibu bila meli za kivita, iliizamisha manowari ya Urusi Moskva kwa makombora ya kutoka nchi kavu Aprili 2022, na Februari 1, 2024 droni zake za majini aina ya Magura ziliiangamiza meli nyingine ya Urusi, Ivanovets, karibu na Crimea. Meli za Urusi zikalazimika kusogea mbali. Hayo hayafutiki.

Lakini tazama Bahari ya Shamu tangu mwisho wa 2023. Meli za mizigo zilipopigwa na droni na makombora kutoka Yemen, nani alisimama kati? Boti ndogo haiwezi kubeba rada inayoona mbali, wala kukaa baharini miezi. Manowari zilizochorwa kwa ajili ya vita vya zamani ndizo zilizoangusha droni hizo, kwa makombora ya dola milioni mbili hivi dhidi ya chombo cha bei ya gari. Hapo ndipo hesabu iliharibika. Machi 2024 helikopta ya Wafaransa iliangusha moja kwa bunduki tu, na wachoraji wote wa meli waliielewa picha ile: kombora la bei ghali libaki kwa kombora la adui, na droni ipewe mzinga wa milimita 76 au 57, bunduki, na kesho miale ya leza.

Leza nayo inarudi kwenye umeme. Waingereza wamepanga kuifunga leza yao ya DragonFire kwenye Type 45 kuanzia 2027, meli zilezile zilizokuwa zinazimika taa. Zisingebadilishwa jenereta, mpango huo ungekuwa mgumu sana. Kwa hiyo ukiniuliza uwezo gani wa kuutafuta kwa meli itakayokuwa hai 2055, sitakutajia silaha hata moja. Nitakuambia umeme wa ziada, uzito wa ziada uliohifadhiwa, vyumba vitupu vyenye nyaya tayari, na uwanja wa nyuma wa kurushia na kupokea droni zako mwenyewe. Mabaharia wachache pia: Mogami ina kama 90, ndiyo sababu mojawapo Australia iliipenda. Ila 90 wakipigwa na moto ukawaka, ni mikono michache ya kushika mipira ya maji, na hilo waliochagua wanalijua na wanalibeba.

Kwa maziwa yetu hatuhitaji frigati. Droni ya angani ya kuangalia ziwa, boti tatu za kukimbilia mahali, redio zinazosikilizana. Mkiwa na hivyo Goma na Bukavu, mtaokoa watu wengi kuliko mzinga wowote.

Papa Fundi, binti yangu yuko mwaka wa mwisho wa sekondari, anapenda hesabu na anasema anataka kuchora meli. Jirani wanamcheka. Aanzie wapi?
*Mama, Katuba*

Mama, wasikusumbue. Aanze na Polytechnique hapa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, achukue umakanika, ashike vizuri mekanika ya vimiminika na nguvu za metali. Baada ya hapo, Chuo Kikuu cha Liège, Ubelgiji, kinafundisha usanifu wa meli, na kwa kuwa anasoma Kifaransa lugha haitamzuia. Alexandria, Misri, nako kuna idara ya fani hiyo. Wakati wa likizo, kama una ndugu Kalemie, mpeleke akae gatini atazame meli zikipakiwa, aandike kina cha maji omoni (mbele) na tezini (nyuma) kabla na baada ya mzigo. Alete daftari hilo ofisi ya gazeti, nitalisoma naye.